Mfumwa Aliyekatazwa Kusamehe

Swali lake la kwanza kwa mshtakiwa lilikuwa lile lile kila siku. "Mama yako yu hai?" Hakuuliza jina wala ukoo, maana hayo aliyajua. Hakuuliza kama mtu amefanya au hakufanya. Mshtakiwa akisema yu hai, Mfumwa alimtuma mtu amwite, na kesi ilingoja hata kama mama alikuwa ng'ambo ya bonde na mvua inanyesha. Akisema amekufa, Mfumwa alimwambia asogee karibu. Nilikuwa karani wake miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumwuliza sababu. Nilidhani siku ya kumwuliza itakuja yenyewe.

Mfumwa ndivyo tulivyomwita mtawala wetu huku Upare wa kusini, nami sitamtaja kwa jina jingine. Baraza letu lilikuwa milimani, mwendo wa siku nzima kwa mguu hadi Same, penye boma la Waingereza. Lilikuwa nyumba ya mawe yenye paa la bati, ukumbi mmoja, na kichumba changu chenye meza na kabati. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ilikuwa kuandika kila alilohukumu katika kitabu cha kesi na kumsomea kila karatasi iliyopanda mlima kutoka kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya.

Alikuwa mfupi na mpana. Alivaa koti zito la sufu lililobaki tangu enzi za Wajerumani, akalivaa masika na kiangazi, na jasho likimtiririka alisema ni mafua. Alikula makande yaliyopoa, akiwa amesimama karibu na chungu, kwa sababu, alisema, Mfumwa akikaa kula tu, mtu anamletea kesi. Hakuweza kutazama mbuzi akichinjwa. Aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, kisha akarudi nyama ikiwa tayari na kula kuliko sisi wote.

Nimeanza na hayo madogo kwa sababu kubwa lake linaniuma kulisema.

Watu walikuja kwake kutoka hata Myamba, ambako hakuwa na mamlaka yoyote, kwa sababu moja tu: alijua kusamehe. Sisemi kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali, na adhabu zake zilikuwa nzito. Mtu aliyeiba asali kwenye mizinga ya mwenzake alipewa siku kumi za kubeba mawe ya kujenga ukuta wa ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Siku ya tatu Mfumwa alipita pale, akamtazama yule mwizi wa asali, akasema, "Nimeachilia. Nenda nyumbani." Neno hilo moja lilitosha. Mtu aliweka jiwe chini akaondoka.

Nilimwambia siku moja, "Mfumwa, kama ulitaka siku tatu, si ungesema siku tatu? Kitabu changu kingekuwa safi."

"Siku tatu ni adhabu ya siku tatu," alisema. "Akimaliza tumelipana, hana tena habari na mimi. Lakini huyu atakumbuka zile saba ambazo hakuzibeba. Atakuwa mzee anazikumbuka."

Na kweli yule mtu hakuiba tena. Alikuwa akimletea Mfumwa asali kila msimu, naye Mfumwa akimwambia kila msimu kwamba ina ladha ya moshi.

Lakini nisimpambe. Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, akikaa kilima cha pili. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, mdogo huyo ndiye aliyewatajia askari majina ya vijana wa kuchukuliwa kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Tangu hapo Mfumwa hakusema naye. Wakikutana njiani, mmoja aliingia migombani mpaka mwenzake apite. Mchungaji alijaribu, wazee walijaribu, hata mimi nilijaribu siku moja alipokuwa amefurahi.

"Mfumwa, umewasamehe wezi."

"Wezi walinikosea barazani," alisema. "Huyo alinikosea nyumbani. Nyumbani mimi si Mfumwa."

Alikuwa pia na mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamume mzuri wa sura aliyekuwa akimpiga mke wake. Mke aliitwa Namsifu, mtu wa Kisiwani, kule chini kwenye joto. Mara ya kwanza Namsifu alipokuja barazani mdomo umevimba, Mfumwa alimpa mpwa wake mwezi mmoja wa kubeba mawe. Dada akaja akalia, na siku ya nne Mfumwa akasema ameachilia. Mara ya pili ikawa miezi miwili, dada akaja akalia, na wiki ya pili haikuisha. Namsifu alikuja kusimama mlangoni mwa baraza. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, Mfumwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuambia kwamba umesamehe kwa mgongo wangu."

Mfumwa aliinamisha uso, akifunga na kufungua kifungo cha koti. Namsifu alipoondoka, aliniuliza, "Umeliandika hilo?" Nikasema haikuwa kesi, sikuliandika. Akasema, "Vizuri." Baadaye kidogo akasema, "Ungeliandika."

Kwa hiyo sheria ilipokuja, mimi sikuwa na uhakika kama ni mbaya.

Bwana Shauri aliileta mwenyewe. Alikuwa Mwingereza mtu mzima, mwenye mguu unaochechemea, anayesema Kiswahili kizuri na asiyependa kukalia kiti kabla Mfumwa hajakaa. Alisema kwamba sheria mpya imepitishwa Dar es Salaam juu ya mabaraza ya wenyeji. Mfumwa ataendelea kuhukumu, na anaweza kumfunga mtu jela ya Same. Lakini hukumu ikishaandikwa kitabuni, hana ruhusa kuifuta wala kuipunguza. Asiyeridhika atakata rufaa kwa Bwana Shauri ndani ya siku thelathini. Siku hizo zikipita, mwenye uwezo wa kusamehe katika nchi nzima ni Gavana peke yake, kwa niaba ya Mfalme.

Mfumwa alifikiri.

"Gavana anamjua nani hapa?"

"Hamjui mtu," alisema Bwana Shauri. "Ndiyo maana amepewa yeye. Kuna watawala wanaosamehe kwa mbuzi. Wengine wanasamehe jamaa zao. Mtu asiyemjua mtu hawezi kumpendelea."

Mfumwa alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Wala hawezi kumhurumia," alisema.

Bwana Shauri alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo na kuliacha. Akatoa kidau cha wino. Mfumwa akaweka dole gumba lake chini ya karatasi, na alama ikatoka kubwa na nyeusi, maana alikandamiza sana.

Alitii. Watu hawajui hilo, wanadhani aligoma tangu mwanzo. Alitii mwaka mzima na zaidi. Alichofanya ni kupunguza adhabu kabla hazijaandikwa. Aliyestahili siku kumi alipewa mbili. Bwana Shauri alipokuja kukagua kitabu aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hukumu ni laini mno na heshima ya baraza inashuka. Nilimsomea Mfumwa maneno hayo. Aliniambia nisome tena. Mchana wote makande yake yalibaki chunguni. Ilikuwa wiki ile ile ndipo ilipokuja kesi ya Zefania.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, yanataka maji mara moja tu ya mwisho. Asubuhi watu walipokwenda kufungua ndiva waliikuta tupu, tope limepasuka. Kizibo kilikuwa kimetoka na maji yote yamekwenda korongoni. Kaya kumi na mbili zilipoteza mahindi siku hiyo. Msimamizi wa ndiva, mzee aliyefanya kazi ile tangu ujana wake, aliapa kwamba jioni alimwona Zefania pale amebeba jembe. Zefania hakukataa kwamba alipita. Alisema alitoka kukata majani ya ng'ombe, na jembe lilikuwa la kuchimbia njia. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye kigugumizi kidogo, na siku hiyo kigugumizi kilimfanya aonekane mwongo.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wakipiga kelele. Mfumwa alikaa wima kwenye koti lake, na swali lake la kila siku hakuliuliza. Mimi nililiona. Nilikuwa na kalamu mkononi, nimeinua uso kumtazama, nikimngojea aseme. Ningeweza kumkumbusha kwa neno moja. Sikusema kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa na shamba chini ya ndiva ile.

"Miezi minane," alisema. "Same."

Nikaandika.

Watu walipotawanyika nilitoka nje kunyoosha mgongo, nikamkuta mama yake Zefania ameketi ukutani, shuka lake amelikunja magotini. Alikuwa amekuja mwenyewe asubuhi na mapema, akakaa pale angoje kuitwa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Wananiita sasa?"

Nilimwambia kesi imekwisha.

Wiki ya saba msimamizi wa ndiva alikuja barazani. Hakukuwa na kesi siku hiyo. Alivua kofia, akanyoosha mikono yake mbele ya Mfumwa, na mikono ilikuwa ikitetemeka, tetemeko la uzee lisiloweza kuzuiwa. Alisema jioni ile alishindwa kukikaza kizibo. Alijua hakikukazika. Alikwenda nyumbani akitumaini kitashika. Asubuhi aliogopa kwamba watampa kazi mtu mwingine, na kazi ile ndiyo iliyobaki kumfanya mtu. Kweli alimwona Zefania, alisema, lakini Zefania alikuwa akipita tu.

Mfumwa alisimama. Nilijua neno linalokuja, na kabla halijatoka nikasema, "Mfumwa, huna ruhusa."

Alifunga mdomo. Kisha akasema, "Basi twende kwa mwenye nayo."

Tulishuka Same wanne: yeye, msimamizi, mama yake Zefania, na mimi nimebeba kitabu. Mfumwa angeweza kubebwa, akakataa kwa sababu ya yule mama. Kule chini joto lilitupokea kama mlango wa tanuri, naye hakuvua koti. Pembeni mwa barabara ya jela tulikipita kikundi cha wafungwa wakipasua kokoto. Mama aliwatazama mmoja mmoja mpaka akampata wake. Askari jela, Mpare mwenzetu, alimpigia Mfumwa saluti, kisha akamsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mfumwa, naomba usiniambie nimfungue. Nikimtoa yeye nitaingia mimi." Lakini alimwacha mama akae na mwanawe chini ya kivuli cha ukuta. Mfumwa alisimama mbali. Zefania alimwona. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama anavyofanya mtu yeyote kwa Mfumwa, akaendelea kusema na mama yake.

Yule Bwana Shauri wetu alikuwa amekwenda likizo kwao Ulaya. Aliyekalia kiti chake alikuwa kijana, mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua, na Kiswahili chake alikisema kwa kutafuta kila neno. Alitusikiliza mpaka mwisho. Aliangalia kitabu, akahesabu siku kwa kalamu.

"Rufaa imepita," alisema. "Siku thelathini. Pole sana."

"Aliyemfunga ni mimi," alisema Mfumwa. "Aliyemsingizia ni huyu hapa. Waliokaukiwa na mahindi nimewauliza mmoja mmoja, wanasema hawana neno naye. Sasa amebaki nani wa kumfunga?"

Kijana alizidi kuwa mwekundu. Nadhani alitaka sana kutusaidia. "Imebaki sheria," alisema. "Mimi si Gavana. Naweza kumpelekea Gavana ombi."

Niliandika ombi pale pale, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Mfumwa akaweka dole gumba, msimamizi akaweka lake, na mama akaweka lake. Kijana akalitia lakiri. Lingekwenda Tanga kwa mkuu wa jimbo, na kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Tulipotoka, Mfumwa aliniuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, nikamwambia. Akauliza kama Gavana anajua ndiva ni nini. Nikamwambia nimeeleza katika barua.

Barua zilianza kupanda mlima. Ya kwanza ilitaka nakala ya kesi, nikaipeleka. Ya pili ilitaka maelezo ya mfungwa mwenyewe, yakachukuliwa. Ya tatu iliuliza kama shahidi wa uongo amekwisha kuadhibiwa, kwa kuwa asipoadhibiwa ni vigumu kuamini kwamba alisema uongo. Nilipomsomea hiyo, Mfumwa alikataa.

"Niwafunge wawili kwa maji yale yale? Na huyu mzee nikimfunga, nani atamtoa?"

"Mfumwa, wanangoja jibu."

"Waandikie ni mgonjwa."

Nikaandika. Sijui kama barua ile ndiyo iliyochelewesha mambo.

Mwezi wa tano wa kifungo, mama yake Zefania alifariki. Hakuwa na ugonjwa unaojulikana; alirudi kutoka Same amechoka, na uchovu ule haukumtoka. Tuliomba mwanawe aletwe amzike, hata akiwa na askari wawili, na jibu lilikuja siku ya tatu baada ya maziko. Mfumwa alichimba kaburi. Wanaume walijaribu kumnyang'anya jembe, akawatazama wakaacha. Alivua koti, akalitundika mtini, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona bila koti. Alikuwa mwembamba. Nilikuwa nikidhani ni mtu mpana, kumbe lilikuwa koti.

Zefania alimaliza miezi yake minane, siku zote, akapanda mlima kwa miguu yake. Wiki tatu baadaye ikaja bahasha yenye muhuri mkubwa. Gavana amekubali.

Tulikwenda nyumbani kwake, Mfumwa na mimi. Alipofika kwenye migomba aliniambia niendelee mbele, yeye atapumzika. Nilimkuta Zefania akitengeneza paa, akateremka, tukaamkiana. Aliomba nimsomee. Nikasoma kwamba Gavana, kwa huruma yake, amemsamehe Zefania kosa lake na adhabu yote iliyobaki.

"Ko-kosa gani?"

"Ndivyo wanavyoandika, ndugu yangu. Ni maneno ya serikali."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alichukua karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi. "Mimi sina kosa la kusamehewa," alisema, na safari hii hakugugumia hata kidogo. Akapanda tena juu ya paa.

Mfumwa alikuwa hatua kumi tu, nyuma ya majani. Alisikia yote.

Tangu siku hiyo hakumtia mtu hatiani. Sikuelewa mwanzoni. Ilikuja kesi ya mbuzi, mashahidi watatu, mbuzi mwenyewe amekutwa kwa mshtakiwa, na Mfumwa akasema hajaona ushahidi. Ikaja kesi ya mpaka wa shamba, ikaja ya moto uliochoma ghala, na zote hajaona ushahidi. Nilimwambia watu wananung'unika.

"Zamani nilikuwa nafunga kwa sababu najua nitafungua," alisema. "Sasa sifungi."

"Na walioibiwa, Mfumwa?"

"Wataniona mjinga. Mjinga hajamwua mtu."

Alikosea hapo pia. Namsifu alikuja mara ya tatu, amebeba ushahidi mwilini mwake mwenyewe, na Mfumwa akamsikiliza macho yameelekea sakafuni, akasema mpwa wake aende nyumbani. Kabla ya mwezi kuisha, Namsifu alichukuliwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Alipona, ila mkono wake wa kulia haukukunjika tena. Mfumwa alikwenda kumwona. Alisimama mwisho wa kitanda, na Namsifu akageuza uso ukutani mpaka akaondoka. Baada ya hapo ndugu zake walikuja kutoka Kisiwani wakamchukua moja kwa moja, nao hawakupita barazani kuaga.

Watu wakaanza kujichukulia haki. Mwizi mmoja alipigwa hadi akavunjika mguu, na waliompiga walisema wazi kwamba kumpeleka kwa Mfumwa ni kupoteza siku. Yule Bwana Shauri mwenye mguu unaochechemea alirudi kutoka likizo, akapanda, akasoma kitabu changu ukurasa kwa ukurasa, akaketi na Mfumwa faraghani. Alipotoka alionekana mgonjwa. Mfumwa alistaafishwa. Kitini wakamweka mdogo wake, yule wa kilima cha pili, ambaye alikuwa hakimu mzuri, mkavu, mwenye haki, asiyesamehe mtu, na ambaye sikuwahi kusikia mtu akimlalamikia. Mimi niliomba uhamisho. Wakanipeleka Same.

Ilipita miaka, vita vingine vya wazungu vikaja vikaisha. Nilikuwa na ofisi yangu kwenye jengo la boma, na tarishi, na kengele ya kumwitia. Siku moja ya soko tarishi aliniambia kuna mzee nje hataki kusema shida yake. Nilimtambua kwa sauti tu, maana mwili ulikuwa umebaki mifupa, na alivaa shati la kaniki lililotoboka kiwikoni.

"Shikamoo, Mfumwa."

"Marahaba. Usiniite hivyo hapa, watacheka." Aliketi. Alikuwa ameshuka kwa mguu, siku mbili sasa badala ya moja. "Nimekuja uniandikie ombi kwa Gavana."

"La nani?"

"La kwangu. Anisamehe kwa habari ya Zefania."

Nilimweleza polepole. Nilisema Gavana husamehe aliyehukumiwa na baraza au mahakama, naye Mfumwa hakuhukumiwa popote. Hakuna kesi, hakuna namba, hakuna kitu cha kuandika juu ya barua. "Mwenye kukusamehe hilo ni Zefania mwenyewe," nilisema.

"Kwa Zefania nilikwenda."

"Akasemaje?"

"Alinikaribisha vizuri sana. Mke wake alinipa makande ya moto. Nilipomwambia kilichonileta, alisema, 'Mfumwa, sina neno na wewe.' Akanisindikiza mpaka njiani." Aliinua macho. "Alisimama mbele yangu ameinamisha kichwa, Karani. Kama siku ile jela. Hakuwa ananisamehe. Alikuwa ananiogopa bado. Mtu asiyeweza kukunyima, utajuaje kama amekupa?"

Nilisogeza kidau cha wino.

"Kwa hiyo nataka anayeweza kukataa," alisema. "Akikataa pia ni sawa. Nitajua."

Niliandika. Niliona ni rahisi kuandika kuliko kuendelea kumtazama. Aliweka dole gumba, na wino haukushika vizuri kwa sababu ngozi ilikuwa imekauka, tukarudia. Nikamwambia itakwenda na garimoshi la Tanga. Alinishukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka nikaiweka barua ndani ya mtoto wa meza, chini ya karatasi nyingine. Ningeipeleka kwa nani? Wangecheka, na mkuu wangu angeniuliza kama nina akili timamu.

Alirudi baada ya miezi mitatu kuuliza kama kuna jibu. Nikasema bado. Alirudi tena kabla ya vuli. Nikasema mambo ya Dar es Salaam yanachukua muda, kama anavyojua. Akasema anajua.

Mara ya tatu nilimwona dirishani akija, akipanda ngazi za boma moja moja, akisimama kila ngazi. Nilimwita tarishi nikamwambia, "Mzee yule akiniulizia, sema nimekwenda safari." Nikafunga mlango wa ndani. Nilisikia tarishi akimwambia, na nikasikia sauti ile, haina kinyongo chochote.

"Basi nitamngoja."

"Mzee, harudi leo."

"Sina haraka."

Alikaa kwenye benchi, nyuma ya ukuta wa mbao, karibu kiasi kwamba alipokohoa nilihisi ubao ukitikisika. Nilikuwa na majalada mezani, sikufungua hata moja. Saa zilikwenda. Watu walikuja wakaondoka, naye aliwaamkia wote. Kengele ya kufunga ofisi ilipopigwa, tarishi alinigongea kidogo, akaingia, akasema mzee bado yupo.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia maji.